Jicho Ndilo Linaloombewa Idhini: Stara ya Nyumba Tangu Fustat Hadi Picha za Mitaani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu na stara. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliowafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, limekuwa jambo la kawaida katika zama zetu mtu aliyekaa Ulaya au Asia kufungua simu yake, akatafuta mtaa asioujua, akapita mbele ya nyumba za watu mlango baada ya mlango, akatazama madirisha yao, nguo zao zilizoanikwa na mama aliyesimama kizingitini. Hakubisha hodi, na hakuna aliyemwambia karibu. Tukiuliza hukumu ya jambo hili, baadhi ya watu husema barabara ni ya wote, na aliyepita hakatazwi kutazama. Wengine husema kamera ni kitu kipya, kwa hiyo vitabu vya fiqhi havina la kusema juu yake.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu. Ni kweli kamera ni mpya. Lakini kesi yenyewe ni ya zamani sana. Ilifika mbele ya Amirul Muuminina Umar bin Al-Khattab (R.A.), wakaisikiliza makadhi wa Afrika ya Kaskazini, na mwishowe ikaandikwa vifungu katika sheria ya dola ya Uthmaniya. Aliyeyajua waliyoyasema hao hatababaika mbele ya gari lenye kamera.

Idhini iliwekwa kwa ajili ya nini?

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (S.W.) amewakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi basi warudi. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, hata watumishi na watoto waliomo ndani ya nyumba wameamrishwa waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumbani anazuiliwa kwa saa maalumu, mgeni asiyejulikana ana hali gani?

Sasa tuulize: idhini hii imewekwa kwa ajili ya miguu au kwa ajili ya macho? Jibu limo katika hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na chanuo mkononi akikunia kichwa chake. Alipojua, alimweleza mtu yule kwamba lau angelijua anachungulia angelimchoma nalo jichoni, kisha akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya kuona. Hii ndiyo illa ya hukumu, na imetoka kwa mwenye sharia mwenyewe. Mtu yule hakuwa ameingia. Miguu yake ilikuwa nje. Lakini jicho lake lilikwisha kuingia, na hilo likatosha kuwa kosa.

Ipo pia hadithi ya Abu Huraira (R.A.) inayoondoa lawama kwa mwenye nyumba aliyemtupia kijiwe anayemchungulia bila idhini, hata kama kitamdhuru jicho. Wanazuoni wamekhitilafiana katika kuitekeleza, wala si ruhusa ya watu kujichukulia sheria mkononi. Tunachokipata hapo ni uzito wa kosa lenyewe.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa mfano wa adabu hii. Abdullah bin Busr (R.A.) amesimulia, katika riwaya ya Abu Daud, kwamba Mtume alipofika kwenye mlango wa watu hakuuelekea moja kwa moja, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa siku hizo milango haikuwa na mapazia. Tazama, ndugu yangu: Mtume alikuwa njiani, mahali pa haki yake kusimama, na hata hivyo aliugeuza mwili wake ili jicho lisitangulie idhini.

Na usiku mmoja mjini Madina, Umar alikuwa katika doria pamoja na Abdurrahman bin Auf (R.A.). Wakaona taa inawaka katika nyumba ambayo mlango wake umefungwa, na ndani mna sauti za watu zimepanda. Umar akamwambia mwenzake kwamba hiyo ni nyumba ya Rabia bin Umayya, na kwamba watu hao wapo kwenye ulevi, akamtaka rai yake. Abdurrahman akajibu kuwa anaona wao wawili ndio waliofanya alilolikataza Allah, yaani kupeleleza. Umar akaondoka akawaacha. Wote wawili walikuwa barabarani, na mmoja wao ni kiongozi wa dola. Barabara haikuwapa haki ya kuyafuatilia yaliyomo ndani.

Chumba cha juu cha Fustat

Misri ilipofunguliwa na mji wa Fustat ukajengwa, Kharija bin Hudhafa (R.A.), miongoni mwa Maswahaba waliokaa huko, alijenga chumba cha ghorofani. Habari zikamfikia Umar. Ibn Abdil Hakam, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 257 Hijria (871), amepokea kwamba Umar alimwandikia gavana wake, Amr bin Al-Aas (R.A.), kuhusu chumba hicho, akiona kwamba kinafichua siri za majirani. Katika riwaya moja aliamuru kivunjwe. Katika riwaya nyingine aliweka kipimo: kiwekwe kitanda chini ya dirisha, asimame juu yake mtu asiyekuwa mrefu wala mfupi. Akiweza kuona nje, dirisha lizibwe. Asipoweza, liachwe.

Kipimo hiki kina hekima kubwa. Umar hakuwakataza watu hewa wala mwanga, na hakusema kila dirisha ni haramu. Alipima kwa kimo cha mtu wa kawaida. Dirisha lililo juu ya kimo hicho huingiza mwanga, na lililo chini yake hupitisha jicho. Katika Al-Mudawwana, kitabu alichokikusanya Sahnun (aliyefariki 240 Hijria, 854) chenye rai za Imam Malik na wanafunzi wake, hukumu hii ya Umar imetajwa na kutegemewa, na Wamaliki wakajenga juu yake mlango mzima wanaouita madhara ya kufichua.

Mafakihi wa Maghribi waliufuatilia mlango huo mpaka mwisho. Katika karne ya 8 Hijria, mjini Tunis, alikuwapo fundi mwashi mkuu aitwaye Ibn Ar-Rami, ambaye makadhi walimtuma kwenda kukagua kuta, milango na madirisha yenye ugomvi. Aliyoyaona akayakusanya katika kitabu cha hukumu za majengo. Miongoni mwa aliyoyanukuu ni swali aliloulizwa Sahnun kuhusu msikiti wenye mnara ambao mwadhini akipanda huyaona yaliyomo majumbani. Jibu la Sahnun ni kwamba watu wazuiwe kuupanda, kwa kuwa hayo ni madhara, na Mtume (S.A.W.) amekataza madhara.

Ndugu Imamu unayesoma makala hii, litafakari jibu hilo. Adhana ni katika alama kubwa za dini, na manufaa yake ni ya umma wote. Pamoja na hayo, Sahnun hakuona kwamba manufaa ya umma yanafuta haki ya mama aliyeko uani kwake. Basi anayesema leo kwamba picha za mitaa zina faida kwa wasafiri, na kwa hiyo wenye nyumba wanyamaze, ajue kwamba hoja yake ilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Dirisha au jicho?

Hapa tusifiche ikhtilafu. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafii, na wanazuoni wengi wa Kishafii hawakufuata njia ya Wamaliki. Kwao, mtu ana haki ya kutumia milki yake, akafungua dirisha katika ukuta wake, na jirani akitaka stara ajenge kwake. Lakini wasomaji wengine huishia hapo, na huko ni kukata kauli katikati. Imam Al-Mawardi, Mshafii aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameeleza kazi ya muhtasibu, akasema kwamba aliyeinua jengo lake halazimiki kuisitiri sakafu ya juu ya nyumba yake, bali linalomlazimu ni kutowachungulia wengine. Basi Wamaliki walilizuia dirisha, na Mashafii wakalizuia jicho. Hakuna madhehebu iliyoviachia vyote viwili.

Sheria ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, iitwayo Majalla, na ambayo ilifuata madhehebu ya Hanafi, ilikuja na maneno ya wazi. Kifungu cha 1202 kinahesabu kuonekana kwa mahali wanapokaa wanawake, kama vile ua, jiko na penye kisima, kuwa ni madhara makubwa. Mwenye dirisha huamrishwa aweke ukuta au kizuizi cha mbao, lakini halazimishwi kuliziba dirisha lote. Kifungu cha 1203 kinasema kwamba dirisha likiwa juu ya kimo cha mtu, jirani hawezi kutaka lizibwe kwa hofu tu kwamba huenda mwenzake akaweka ngazi akachungulia.

Naomba msomaji aishike ngazi hii, kwani tutairudia. Sheria ilimwamini mtu kwa sababu kuweka ngazi ni jambo la nadra na la aibu. Lau ngazi ingewekwa kweli, udhuru ungeondoka.

Nyumba za kwetu

Wazee wetu walisema nyumba husitiri mambo, na walijenga hivyo. Katika mji wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za mawe za zamani zimeupa mtaa ukuta mzito wenye matundu machache. Mgeni hupokewa kwenye daka, na njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika kiwandani, ili mlango ukiachwa wazi mpita njia asione ndani. Baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa wikio juu ya uchochoro, ambapo wanawake waliweza kutoka nyumba moja hadi nyingine bila ya kushuka mtaani. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mabaraza yake nje, mwanamume akazungumza na mgeni wake bila ya kumwingiza kwa watu wa nyumbani. Na kila mahali pana hodi, ambayo hurudiwa mara tatu, na asipoitikiwa mtu hurudi, kama ilivyokuja katika hadithi ya Abu Musa Al-Ashari (R.A.).

Majengo haya yalikuwa fiqhi iliyosimamishwa kwa mawe na chokaa. Lakini yote yamepimwa kwa kimo cha mtu apitaye kwa miguu. Hapo ndipo zama zetu zilipobadilisha mambo.

Gari lenye kamera

Mwezi Mei 2007 kampuni ya Google ya Marekani ilianzisha huduma ya Street View katika miji mitano: San Francisco, New York, Las Vegas, Denver na Miami. Gari hupita mitaani likiwa na kamera juu ya paa inayopiga picha pande zote, kisha picha huunganishwa na ramani kwenye intaneti. Mwaka 2008 kampuni ilianza kufifisha nyuso za watu kwa kompyuta. Huduma ikasambaa nchi nyingi, na Kenya na Uganda ni miongoni mwazo.

Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 2008 mume na mke wa Pittsburgh walishitaki kwa sababu gari liliingia katika njia yao binafsi na kuipiga picha nyumba yao. Mahakama ilikataa dai lao la faragha. Lililosalia baada ya rufaa ya 2010 ni dai la gari kuingia katika ardhi yao, na mwisho wake kampuni ikakiri kosa hilo na kukubali kulipa dola 1. Linganisha hukumu hiyo na hadithi ya Sahl. Mahakama ile iliona gurudumu lililovuka mpaka. Jicho halikuhesabiwa.

Wengine waliona tofauti. Aprili 2009 wakazi wa kijiji cha Broughton, karibu na Milton Keynes nchini Uingereza, walijipanga barabarani wakalizuia gari lisipite. Ujerumani, kabla ya picha za miji 20 kufunguliwa mwezi Novemba 2010, kaya 244,237 ziliomba nyumba zao zifichwe, takriban asilimia 3 ya kaya za miji hiyo. Mwaka huo huo wa 2010 kampuni ilikiri kwamba magari yake yalikuwa pia yakinasa mawasiliano ya watu yaliyopita hewani kwenye mitandao isiyofungwa ya majumbani, na mwaka 2011 mamlaka ya Ufaransa ikaitoza faini ya yuro 100,000. Muislamu anayejua onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kusikiliza mazungumzo ya watu nao hawapendi hatoshangaa kuona jicho na sikio vimekwenda pamoja.

Lakini mambo mawili ndiyo yanayotuhusu zaidi. Japani, nchi ya vichochoro vyembamba na kuta fupi, watu walilalamika kwamba kamera ile, iliyokaa karibu mita 2 na nusu kutoka ardhini, inachungulia juu ya ua zao. Mwaka 2009 kampuni ikakubali kuishusha kwa sentimita 40 na kupiga picha upya. Na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Uswisi iliamua kwamba picha za ua na bustani zilizozungushiwa, ambazo mpita njia hawezi kuziona, zisichapishwe bila ya ridhaa ikiwa zimepigwa kutoka kimo kinachozidi mita 2. Majaji hao hawakusoma Al-Mudawwana. Lakini walipotafuta uadilifu walifika pale pale alipofika Umar: simamisha mtu asiyekuwa mrefu wala mfupi, kisha tazama anaona nini.

Ngazi ya Majalla imekwisha kuwekwa barabarani. Tena zipo ngazi ndefu zaidi. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ilipiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Faida yake katika mipango ya ardhi ni ya kweli, lakini ukuta wa kiwanda hauzuii jicho linalotoka juu.

Hukumu inaelekea wapi?

Kwa kipimo cha wanazuoni hawa, uso wa nyumba unaoonekana na kila apitaye kwa miguu si aibu ya nyumba. Hakuna aliyewakataza watu kupita na kuuona mlango wa jirani. Anayesema kila picha ya mtaa ni haramu amewabana watu bila ya dalili.

Lakini kinachoonekana kwa kuinua kamera juu ya ukuta, au kupitia mlango na dirisha lililo wazi, au picha ya watu wakiwa katika stara ya nyumba yao, hukumu yake ni ya yule aliyechungulia tunduni. Kufifisha uso hakutoshi, kwa sababu jirani humjua jirani yake kwa mwendo na kwa mlango wake. Kisha kuna jambo ambalo dirisha la Fustat halikuwa nalo. Jarir bin Abdillah (R.A.) alipouliza juu ya jicho lililoangukia kitu kwa ghafla, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aligeuze. Mtazamo wa kwanza umesamehewa kwa kuwa unapita. Picha hufanya mtazamo huo usipite, ikautoa kwa mtu mmoja ikaupa maelfu, mchana na usiku, hata katika zile nyakati tatu ambazo mtoto wa nyumbani amezuiliwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba akitaka picha iondolewe, ana haki, na haulizwi sababu. Njia ipo: katika huduma hiyo mna sehemu ya kuripoti tatizo, na mtu anaweza kuomba nyumba yake ifichwe. Ajue tu kwamba ikishafichwa haifunuliwi tena. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, na Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 16, zinalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Kuzitumia sheria hizi ni katika kuchukua sababu.

Tuanze na nafsi zetu

Ni rahisi kuilaumu kampuni iliyo mbali. Lakini, ndugu Waislamu, ni nani aliyejenga ghorofa ya tatu akafungua dirisha juu ya ua wa mjane jirani yake? Ni nani aliyefunga kamera ya ulinzi ukutani kwake ikielekea mlango wa mwenziwe, akakaa anajua nani ameingia na saa ngapi ametoka? Picha nyingi za mitaa hupakiwa na watu wa kawaida kwa simu zao, nao ni vijana wetu, wengine wakitoka madrasa zetu. Harusi haimaliziki ila picha za ndani, pamoja na wanawake waliojipamba kwa ajili ya faragha, zimekwisha kufika mji wa pili.

Maimamu wasiuache mlango huu. Isomwe Suratun Nur katika darsa, ielezwe illa ya idhini, na vijana wafundishwe kwamba kunyanyua simu juu ya ukuta ni kunyanyua jicho. Mwenye kamera aielekeze kwake. Mwenye dirisha aweke mbao, kama walivyoamrishwa waliotangulia. Na mwenye picha ya nyumba ya mtu ambaye hakumwomba, aifute leo kabla hajaulizwa kesho.

Tunamwomba Allah (S.W.) azisitiri aibu zetu, azipe amani nyumba zetu na ayahifadhi macho yetu. Na Allah ni Mjuzi zaidi.